Anayetapika na anayeharisha wote wanapoteza maji: kwa nini damu ya mmoja huelemea alkali na ya mwingine asidi?

#1 Mwanafunzi Mkongwe
Wanajukwaa, salamu. Ninajiandaa na mtihani wa fiziolojia na kuna jambo linaloninyima usingizi. Kitabu kinasema kwamba anayetapika sana hupata alkalosisi ya kimetaboliki (mchakato usio wa mapafu unaoisukuma damu kuelekea alkali), na anayeharisha sana hupata asidosisi ya kimetaboliki (unaoisukuma kuelekea asidi). Wote wawili wamepoteza maji na chumvi kupitia mrija uleule wa chakula, mmoja kwa juu na mwingine kwa chini; wote midomo imewakauka na mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Jibu nimelikariri, ila sababu yake siielewi. Tena, figo zinafanya nini muda wote huo? Ikiwa kazi yake ni kusawazisha, kwa nini figo nzima za mtu anayetapika zisiitupe alkali iliyozidi kwenye mkojo, mambo yakaisha? Naomba nielezwe kwa hoja.

#2 Mwana Maabara
Ndugu, anzia kwenye ukuta wa tumbo. Seli zinazotengeneza asidi ya haidrokloriki hazifanyi kazi hiyo bure: kila ayoni (chembe yenye chaji) moja ya haidrojeni, ambayo ndiyo asidi yenyewe, inapomwagwa ndani ya tumbo, ayoni moja ya bikaboneti, ambayo ni alkali, huingizwa upande wa pili, kwenye damu. Kwa mtu mwenye afya mkopo huo hulipwa muda mfupi baadaye, kwa sababu asidi inaposhuka kwenye utumbo mwembamba, kongosho huamshwa limwage bikaboneti ya kuiondolea makali, na bikaboneti hiyo hutoka kwenye damu ileile iliyokopeshwa. Anayetapika huitupa asidi nje kabla mkopo haujalipwa, hivyo bikaboneti hubaki kwenye damu. Anayeharisha hutoa majimaji ya kongosho, nyongo na utumbo, yenye bikaboneti kwa wingi, kabla hayajafyonzwa. Kwa hiyo tazama ni maji gani yaliyopotea kabla hujauliza yamepotea kiasi gani.

#3 Kigeugeu
Nakubaliana na namba 2, ila naona tunalikuza jambo. Shuleni tulifundishwa kwamba kwenye pH, kipimo cha asidi na alkali, 7 ndiyo katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alkali. Damu ya mtu aliye hai haishuki chini ya 7. Kwa hiyo wanaoharisha hawana asidi yoyote kwenye damu. Wana alkali iliyopungua tu, na jina asidosisi linawapotosha watu.

#4 Chembe Hai
Kigeugeu, umeushika ukweli kwa mkono mmoja na kuuangusha kwa mwingine. Ni kweli kwamba damu iko upande wa alkali karibu daima. Tena kwa joto la mwili, nyuzi 37, katikati ya maji safi haiwi 7 bali karibu na 6.8. Lakini tabibu hailinganishi damu na maji safi. Anailinganisha na damu ya kawaida ya ateri, ambayo pH yake ni 7.35 hadi 7.45. Ikishuka chini ya hapo, hali hiyo huitwa asidemia, na mchakato unaoisukuma kwenda huko ndio asidosisi. Tofauti ya maneno hayo mawili ina uzito, kwa sababu mtu anaweza kuwa na asidosisi huku pH yake ikisomeka sawa kabisa.

Udogo wa tarakimu nao usikudanganye. Kipimo hiki ni cha logi: pH ikiwa 7.40 kuna takribani nanomoli 40 za haidrojeni kwa lita, ikiwa 7.10 zinakuwa takribani 80, yaani maradufu, na ikiwa 7.70 ni 20. Wapo pia waliofikishwa hospitali wakiwa na 6.9 kwa sababu ya ketoni za kisukari (asidi ambazo mwili hutengeneza ukichoma mafuta kwa kukosa insulini) na wakapona, kwa hiyo hoja yako kwamba haishuki chini ya 7 haisimami.

#5 Mzee wa Hoja
Nimeisoma namba 2 kwa heshima, lakini naona ni maelezo ya kihasibu yasiyogusa sababu. Mapema miaka ya 1980 Peter Stewart alijenga hoja kwamba bikaboneti na haidrojeni haziamui chochote, kwani zenyewe ni matokeo. Yanayoamua ni mambo matatu: shinikizo la kaboni dioksaidi, jumla ya asidi dhaifu kama albumini (protini ya damu) na fosfeti, na tofauti kati ya ayoni chanya zenye nguvu na ayoni hasi zenye nguvu, hasa sodiamu na kloraidi. Katika damu ya kawaida tofauti hiyo ni kama milimoli 40 kwa lita. Anayetapika hupoteza kloraidi nyingi kuliko sodiamu, tofauti inapanuka, na haidrojeni inalazimika kupungua ili chaji zilingane. Anayeharisha hupoteza sodiamu na potasiamu nyingi kuliko kloraidi, tofauti inabana, na haidrojeni inaongezeka. Hapo huna haja ya kumdai mtu mkopo.

#6 Mwana Maabara
Mzee wangu, shikamoo. Hesabu zako hazina kosa, na hapo ndipo penye tatizo. Kila haidrojeni na kloraidi zitakapotoka pamoja, wewe utasema kloraidi imetoka na mimi nitasema haidrojeni imetoka, na beseni la matapishi ni lilelile. Chaji lazima zilingane kwa njia zote mbili, kwa hiyo ulinganifu wenyewe hauwezi kutuambia kipi kilitangulia. Ninachojua ni kwamba kwenye seli za tumbo kuna pampu inayosukuma haidrojeni kwa kubadilishana na potasiamu, na dawa zinazoifunga pampu hiyo hupunguza upotevu wa asidi kwa mgonjwa anayenyonywa majimaji ya tumbo kwa mpira wa puani.

#7 Mzee wa Hoja
Marahaba. Basi nieleze dripu ya chumvi. Dripu ya asilimia 0.9 ina milimoli 154 za sodiamu na 154 za kloraidi kwa lita. Mpe mgonjwa lita kadhaa kwa haraka, utaona kloraidi yake inapanda, bikaboneti inashuka, na asidosisi inaingia. Hakuna aliyeinyakua bikaboneti yake, wala hakuna figo iliyougua. Kwangu mimi jibu ni mstari mmoja: tofauti ya ayoni ndani ya dripu ni sifuri, na ikichanganywa na damu yenye 40 lazima ibane.

#8 Chembe Hai
Mzee, hata sisi wa bikaboneti tunao mstari mmoja. Dripu haina bikaboneti, kwa hiyo inaizimua iliyopo, huku mapafu yakiishikilia kaboni dioksaidi palepale. Chukua kanuni ya Henderson: haidrojeni (nanomoli kwa lita) ni 24 mara shinikizo la kaboni dioksaidi (milimita za zebaki), gawanya kwa bikaboneti (milimoli kwa lita). Kwa kawaida 24 mara 40 gawanya kwa 24 ni 40. Bikaboneti ikishuka hadi 18 na kaboni dioksaidi ikabaki 40, haidrojeni inakuwa 53, na pH ni kama 7.27. Nimefika unapotaka nifike bila kuitaja kloraidi.

#9 Mzee wa Hoja
Umefika, lakini umepandia gari langu. Nani aliyeizimua bikaboneti bila kuizimua sodiamu?

#10 Mwanafunzi Mkongwe
Nashukuru sana, ila naomba tusisahau nusu ya pili ya swali langu. Figo huchuja kama lita 180 kwa siku, na kila lita ina milimoli 24 hivi za bikaboneti. Hizo ni zaidi ya 4,000. Zikiamua kuachilia hata sehemu ndogo tu, alkalosisi ingekwisha kwa siku moja. Kwa nini haziachilii?

#11 Figo Moja
Kwa sababu zina jambo la dharura kuliko hilo. Mwili uliokauka unalinda ujazo wa damu kwanza. Aldosteroni, homoni ya kutunza chumvi, inapanda na figo zinakamata kila sodiamu inayopita. Ili sodiamu irudi, ama ayoni hasi irudi nayo, ama kitu chenye chaji chanya kitoke badala yake. Kloraidi ni haba, kwa hiyo sodiamu inarudi pamoja na bikaboneti, na kinachotupwa ni potasiamu na haidrojeni. Ndiyo maana unaweza kukutana na kioja cha damu yenye alkali na mkojo wenye asidi kwa mgonjwa mmoja. Hapo figo hazijakosea. Zimechagua kulinda shinikizo la damu kwa gharama ya pH.

#12 Mpima Chumvi
Naomba nipingane na namba 11 kwa adabu. Maelezo ya ujazo yalitawala kwa muda mrefu, lakini majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kloraidi ikirudishwa, alkalosisi hurekebika hata pale ujazo usipoongezwa. Kwenye mirija ya mwisho ya figo kuna seli zenye protini iitwayo pendrini, ambayo kazi yake ni kutoa bikaboneti kwa kupokea kloraidi. Kloraidi isipofika pale hakuna cha kubadilishana, na mlango wa kutokea unabaki umefungwa hata kama figo zingetaka kuufungua. Ndiyo maana kipimo ninachokithamini kwa mgonjwa wa namna hii ni kloraidi ya mkojo. Ikiwa chini ya milimoli 20 kwa lita, nategemea kwamba dripu ya chumvi itamsaidia. Ikiwa juu, naanza kuuliza kuhusu dawa za kukojoza na homoni zilizozidi.

#13 Chembe Hai
Na potasiamu je? Ikipungua, seli hutoa potasiamu yao na kuingiza haidrojeni, figo nazo huongeza utengenezaji wa amonia na kuzidi kutupa asidi. Nimeona wagonjwa waliopewa chumvi ya kutosha na alkalosisi ikagoma kuondoka hadi potasiamu iliporudishwa.

#14 Mpima Chumvi
Potasiamu hiyo iliwekwa kwenye dripu ikiwa imefungwa na nini, kama si kloraidi?

#15 Chembe Hai
Hapo umenikamata kidogo, lakini sijasalimu amri.

#16 Kigeugeu
Wakati wakubwa wanagombana, mimi nina la vitendo. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikinywa maji ya alkali na kupima mkojo kwa karatasi za rangi. Mkojo umepanda kutoka 5.5 hadi 7.5. Je, huo si ushahidi kwamba damu yangu imeondokana na asidi?

#17 Figo Moja
Huo ni ushahidi kwamba figo zako zinafanya kazi nzuri ya kukitupa unachokinunua. Mkojo unaweza kucheza kati ya 4.5 na 8 ili damu isicheze. Hata kabla ya kufika huko, maji hayo yanapita kwenye tumbo lenye pH ya 1.5 hadi 3.5. Umeusoma mlango wa kutokea ukadhani umesoma hali ya sebuleni.

#18 Kigeugeu
Nimekubali yaishe. Nina katoni mbili zimebaki, nani anazitaka?

#19 Pumzi Tele
Naomba kuuliza kuhusu upande wa mapafu, kwa sababu liliwahi kunipata. Kabla ya usaili mmoja nilishikwa na hofu, nikaanza kupumua haraka bila kujitambua. Baada ya dakika chache midomo ikafa ganzi, vidole vikajikunja kama vya mtu anayeshika kalamu, na kichwa kikawa chepesi. Mtaalamu aliyenipokea alisema nina upungufu wa kalisiamu, lakini kipimo cha kalisiamu kilirudi kikiwa sawa. Alikosea?

#20 Chembe Hai
Pole. Huenda hakukosea kabisa. Ulipopumua kupita kiasi uliitoa kaboni dioksaidi kuliko mwili unavyoitengeneza, ikawa alkalosisi ya upumuaji. Haidrojeni inapopungua kwenye albumini, nafasi zake huchukuliwa na kalisiamu, kwa hiyo kalisiamu iliyo huru inapungua huku jumla ikibaki ileile. Kipimo cha kawaida husoma jumla. Wepesi wa kichwa una sababu nyingine: mishipa ya damu ya ubongo hunywea kaboni dioksaidi ikishuka.

#21 Mwana Maabara
Naongeza kwamba kushuka huko kwa kalisiamu huru ni kudogo, na wapo wanaodhani hakutoshi kueleza vidole kujikunja. Wanasema neva zenyewe huchangamka kupita kiasi kwa sababu ya pH. Vilevile, wanaoshauri kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi waache. Anayehema anaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mapafu, pumu au ketoni, na mfuko utamnyima oksijeni anayoihitaji.

#22 Bi Muuguzi
Hilo la kuhema ndilo lililonileta. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, na fundisho moja nililipata kwa uchungu. Tulikuwa na mgonjwa wa kisukari mwenye ketoni, anahema ule mhemo mzito ambao Adolf Kussmaul aliueleza mwaka 1874. Majibu ya usiku yaliporudi, bikaboneti ilikuwa 10 na kaboni dioksaidi 35. Kijana wa zamu akasema kaboni dioksaidi iko sawa, maana kawaida ni 35 hadi 45, na kwamba mgonjwa ametulia kwani hahemi tena kwa kasi.

Hakuwa ametulia; alikuwa amechoka. Kwa kanuni ya Winters, kaboni dioksaidi inayotarajiwa ni bikaboneti mara 1.5, jumlisha 8, ikipungua au kuzidi kwa 2. Kwa bikaboneti ya 10 tulitarajia 23. Hiyo 35 iliyoonekana ya kawaida ilikuwa asidosisi ya pili, ya mapafu, juu ya ile ya kwanza. Kwa 23 pH yake ingekuwa karibu 7.26, kwa 35 ilikuwa 7.08. Aliwekewa mashine ya kupumulia kabla hakujakucha. Tangu siku hiyo, kwa mgonjwa wa asidosisi siliamini neno kawaida hadi nijiulize kawaida ya nani.

#23 Mla Nyaraka
Kisa cha Bi Muuguzi kinanikumbusha Copenhagen, mwaka 1952, wakati wa mlipuko wa polio katika hospitali ya Blegdam. Wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua walikutwa na bikaboneti nyingi kwenye damu, na madaktari wakadhani ni alkalosisi isiyoeleweka. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo, 27 walifariki ndani ya siku tatu. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, ndiye aliyesema kwamba ile ilikuwa kaboni dioksaidi iliyoshindwa kutoka, kwa hiyo ni asidosisi, na tiba yake ni kuwapumulia. Wanafunzi wa udaktari walipokezana zamu kukamua mifuko ya hewa kwa mikono, usiku na mchana, na vifo vikapungua sana. Haishangazi kwamba nchi hiyohiyo ndiyo iliyotupa Henderson na Hasselbalch.

#24 Mwana Maabara
Masahihisho madogo: Lawrence Henderson, aliyeandika mlinganyo wa kwanza mwaka 1908, alikuwa Mmarekani. Karl Hasselbalch ndiye Mdenishi, naye aliugeuza kuwa wa logi mwaka 1916, akitumia kipimo cha pH ambacho Sørensen alikianzisha katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1909. Mengine uliyosema ni sawa, na yanaonyesha hatari ya kuisoma bikaboneti peke yake: ikipanda inaweza kuwa ugonjwa, au inaweza kuwa figo zinazojaribu kumwokoa mwenye mapafu mabovu.

#25 Mla Nyaraka
Nimesahihishwa, ahsante.

#26 Mwana Maabara
Sasa nimrudishie mleta mada swali lake kwa njia nyingine, maana kuna majibu ya vipimo vya damu yaliwahi kupita mezani kwangu ambayo yanaunganisha mengi ya hapa. pH 7.40, kaboni dioksaidi 40, bikaboneti 24. Yeyote angeyapitisha. Lakini sodiamu ilikuwa 140 na kloraidi 90. Je, mgonjwa huyu ni mzima?

#27 Mwanafunzi Mkongwe
Pengo la anioni (ayoni hasi zisizopimwa), yaani sodiamu toa jumla ya kloraidi na bikaboneti: 140 toa jumla ya 90 na 24. Linabaki 26, ilhali kawaida ni kama 8 hadi 12. Kwa hiyo kuna asidi iliyojificha, lakini pH iko sawa… Alikuwa na kisukari na alikuwa anatapika?

#28 Mwana Maabara
Siku mbili mfululizo. Ketoni zilikula bikaboneti, matapishi yakairudisha, na magonjwa mawili yakakutana katikati. Tulipomtibu moja, la pili likajitokeza. Na albumini yake ingekuwa chini, pengo lingeonekana dogo kuliko lilivyo. Kwa kila gramu 10 kwa lita zinazopungua, ongeza kama 2.5 kwenye pengo.

#29 Mzee wa Hoja
Nakushukuru kwa kuleta kloraidi ya 90 mwenyewe, kwa mkono wako.

#30 Figo Moja
Nami naomba ieleweke kwamba mgonjwa huyo alikuwa amekauka, na kwamba namba 12 hajanijibu. Anayetapika hapotezi kloraidi bila kupoteza maji, na dripu inayorudisha kloraidi hurudisha maji. Kilichotenganishwa kwenye majaribio hakitengani kitandani.

#31 Mpima Chumvi
Hakitengani, lakini mwanafunzi hakuuliza namna ya kutibu, aliuliza sababu.

#32 Mwanafunzi Mkongwe
Wakuu, nimeelewa kuliko nilivyotarajia, na nimechanganyikiwa kuliko nilivyoanza. Kwenye mtihani nitaandika asidi ya tumbo, kisha ujazo, kisha kloraidi na pendrini, kisha potasiamu, kwa mpangilio huo.

#33 Mzee wa Hoja
Andika, mwanangu. Ila mtahini akikuuliza kuhusu dripu ya chumvi, usimwambie kwamba hakuna aliyekutajia tofauti ya ayoni.